Jumia ilipoondoka Tanzania: uchambuzi wa kisa cha mzigo na mlango usio na namba

Tarehe 27 Novemba 2019 Jumia ilifunga duka lake la mtandaoni nchini Tanzania. Siku tisa kabla yake ilikuwa imeshafunga Kameruni, na Januari 2020 huduma yake ya kupeleka vyakula Rwanda nayo ikasimama. Maelezo ya kampuni yalikuwa mafupi: imepitia masoko yake yote na imeamua kuelekeza nguvu kwenye nchi zenye matumaini makubwa zaidi. Watanzania wangeendelea kutumia Jumia Deals, jukwaa la matangazo ambako muuzaji na mnunuzi wanatafutana wenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikichukue kisa hiki. Kampuni ilikubali kubaki na tangazo. Ilichokiacha ni mzigo.

Miezi saba tu kabla ya hapo, tarehe 12 Aprili 2019, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeingia Soko la Hisa la New York kwa dola 14.50 kwa hisa, ikiwa na biashara katika nchi 14 za Afrika. Ilikuwa na mtaji, maghala, programu ya simu, na wataalamu wa kupanga njia za kupeleka mizigo. Upande wa pili, pale Kariakoo, kulikuwa na muuzaji wa viatu mwenye fremu ya kukodi, simu moja na ukurasa wa Instagram wenye maneno mawili chini ya kila picha: "Mikoani tunatuma." Mwenye maghala alifunga. Mwenye fremu anatuma mpaka leo, Tunduma, Kahama, Bukoba, Newala.

Jumia haikusema kwamba kumfikishia mteja mzigo ndiko kulikoiondoa Tanzania, nami sidai hivyo. Soko lilikuwa dogo kwake, mtaji ulikuwa na masharti yake, wenye hisa walitaka hasara ipungue. Ninachodai ni hiki: tukiangalia namna mzigo ulivyotakiwa kutoka ghalani hadi mkononi mwa mteja, tunaona kwa nini kila oda ya ziada iliongeza maumivu badala ya faida, na kwa nini mfumo wa Kariakoo, pamoja na matundu yake yote, ulisimama. Anayetaka kuuza mtandaoni Dar es Salaam leo ana mengi ya kuchukua hapo.

Mfumo waliokuja nao

Jumia ilianzishwa Lagos mwaka 2012, ikiwa na mtaji wa Rocket Internet, kampuni ya uwekezaji ya Ujerumani. Walioianzisha walichukua muundo uliokuwa umeshafanya kazi Marekani na Ulaya: mteja anachagua bidhaa kwenye simu, bidhaa inatoka kwa muuzaji kwenda ghalani, ghala linaipanga kwa kanda, mpelekaji anaibeba hadi mlangoni. Kwa Afrika waliongeza kitu kimoja kikubwa, nacho ni kulipa mzigo ukifika. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Mtu hajawahi kukuona, hajui kama simu uliyopiga picha ndiyo utakayomletea, kwa nini akutumie pesa? Basi mlete kwanza, aishike, aiwashe, ndipo alipe.

Kwa mteja hilo ni jambo jema. Lakini tazama linavyokaa pamoja na jambo la pili, yaani mlango. Kule muundo huu ulikotoka, oda inakuja na namba ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta, na mtu ameshalipa kwa kadi tangu jana. Asipokuwepo nyumbani, mpelekaji anaacha kwa jirani au anaweka kwenye sanduku la mlangoni na kazi imekwisha. Dar es Salaam ya mwaka 2019 ilikuwa na mamilioni ya watu, na nyumba nyingi mno hazikuwa na namba inayoonekana. Anwani ya wengi ilikuwa sanduku la posta la kazini au la shule. Kwa hiyo mpelekaji alitoka ghalani akiwa hajui nyumba ilipo, na akiwa hajui kama mwenye nyumba ana pesa, au hata kama bado anautaka mzigo. Mambo hayo matatu yalikuwa yanatafutiwa jibu barabarani, mafuta yakiwaka.

Simu ya kutafutana

Kila aliyewahi kuendesha bodaboda ya mizigo Dar anaijua simu hii, na kila aliyewahi kuagiza kitu ameipokea.

"Dada, nipo hapa Kimara Mwisho na mzigo wako, nielekee wapi?"

"Njoo kama unaenda Bonyokwa. Ukiona msikiti kata kushoto, uliza kwa mjumbe."

Dakika kumi. "Nimefika msikitini."

"Msikiti wa rangi gani? Huo umenipita. Rudi mpaka kwenye gereji, nishtue."

Dakika nyingine kumi. "Nipo gereji."

"Sawa, ila mimi bado nipo kazini, Posta. Nyumbani yupo mdogo wangu, lakini pesa ninayo mimi. Huwezi kuja saa kumi na mbili jioni?"

Hakuna mkorofi hapo. Dada alisema kweli kwamba anakaa Bonyokwa, na kwamba anautaka mzigo. Bodaboda amefanya kazi yake. Lakini saa nzima imekwenda, lita ya mafuta imekwenda, na mzigo unarudi mjini. Bodaboda mwenyewe anavunja oda mbili zilizofuata kwa sababu amechelewa, na wateja hao wawili nao wameanza kupiga simu dukani.

Tuiweke hesabu mezani. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia. Tuseme unauza viatu na kila jozi inakupa faida ya shilingi 6,000. Bodaboda wa kupeleka anataka 5,000, na mteja anakubali kuilipa yeye mzigo ukifika. Oda kumi zikitoka na zote zikapokelewa, umepata 60,000 na usafiri umejilipa wenyewe. Sasa tuseme tatu zimerudi. Umelipa safari kumi za kwenda, 50,000, na safari tatu za kurudi, 15,000, jumla 65,000. Wateja saba waliopokea wamekurudishia 35,000. Pengo ni 30,000. Faida ya jozi saba ni 42,000. Toa pengo, unabaki na 12,000. Mizigo mitatu kati ya kumi imekula 48,000 kati ya 60,000 uliyokuwa unaitegemea.

Ndiyo maana nasema kasi si tatizo la kwanza. Ungempa yule bodaboda pikipiki mpya ya umeme na ramani nzuri kuliko zote, dada angekuwa bado yuko Posta. Mzigo uliorudi ndio unaoua, na kampuni iliyoahidi mlangoni kwa kila mtu, kulipa baadaye kwa kila mtu, na mara nyingine usafiri wa bure juu yake, imejiwekea mizigo inayorudi ndani ya ahadi yake yenyewe. Ikikua, hasara inakua nayo.

Kilichokuwa kinafanyika Kariakoo

Muuzaji wa Kariakoo hakuandika mpango wowote, lakini ukimtazama akifanya kazi unaona kanuni zimekaa mahali pake. Mteja wa Dar anaruhusiwa kulipa akipokea, mara nyingi kwa sharti la kutuma nauli ya bodaboda kwanza. Mteja wa mkoani analipa yote kabla. Anatuma kwenye lipa namba, anapiga picha ya ujumbe wa muamala, anamrushia muuzaji WhatsApp.

Baada ya hapo mzigo unafungwa. Viatu vinatolewa kwenye boksi lake ili kupunguza ukubwa, vinaingia kwenye mfuko wa salfeti au nailoni nyeusi, gundi inazungushwa mara tatu nne, na juu yake kwa maka peni nene: jina moja, namba ya simu, na mji. Namba ya simu ndiyo anwani. Jioni kijana wa mizigo anakusanya vifurushi vya fremu kadhaa na kuvipeleka ofisi za mabasi, au moja kwa moja stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, iliyofunguliwa Februari 2021. Karani wa basi anaandika risiti. Kijana anaipiga picha risiti, na wakati mwingine anapiga picha ya basi lenyewe, namba za usajili zionekane, na simu ya konda. Picha hizo zinafika kwa mteja kabla basi halijatoka getini.

Kesho yake mteja wa Dodoma anakwenda stendi ya Nanenane, wa Morogoro anakwenda Msamvu, wa Mwanza anakwenda Nyegezi au ofisi ya basi iliyo karibu naye. Anataja jina, anaonesha picha ya risiti na kitambulisho, anachukua mzigo wake. Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo la miaka mingi, mfumo huu ulipata msukumo mkubwa bila muuzaji yeyote kununua hata gari moja: mzigo ulioingia basi la usiku Dar, mteja wa mbali anaweza kuushika mapema zaidi.

Ukitazama vizuri utaona yale mambo matatu yaliyokuwa yanatafutwa barabarani yameshajibiwa kabla gurudumu halijazunguka. Je, mteja anautaka mzigo? Ameshalipa, anautaka. Je, ana pesa? Imeshaingia. Je, tutakutana wapi? Stendi, mahali ambapo kila mtu katika mji ule anapajua na hapahitaji kibao. Nauli ya mzigo inagawanywa na basi lililokuwa linakwenda hata hivyo, lina abiria wake, lina ratiba yake. Safari ndefu ya kilomita 500 inakuwa nafuu kuliko kumtafuta dada wa Bonyokwa, kwa sababu hakuna anayemtafuta mtu.

Sitaki kuusifia mfumo huu kupita kiasi. Una matundu, na watu wameumia. Ukurasa wa Instagram unaweza kuwa wa tapeli: pesa imelipwa, picha ya risiti ni ya mtu mwingine, simu imezimwa. Mzigo unaweza kushushwa mji usio wake, na basi na muuzaji wakabaki wanatupiana lawama huku mteja akipanda bodaboda kwenda na kurudi stendi siku tatu. Kiatu kikija namba 41 badala ya 39, kukirudisha ni gharama ya mteja. Hakuna bima ya maana kwa kitu chenye thamani. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo yenye jukumu la kutoa leseni za huduma za posta na vifurushi, na ni haki wabebaji wa mizigo ya watu wasimamiwe, mabasi yakiwemo. Mteja aliyepoteza simu ya laki nne anahitaji mahali pa kwenda kulalamika.

Lakini kasoro hizo zote ni za uaminifu, na uaminifu unaweza kujengewa utaratibu. Kasoro ya mfumo wa mlangoni ilikuwa ya hesabu, tena hesabu inayozidi kuharibika wateja wakiongezeka.

Jumia yenyewe ilichojifunza Kenya

Kisa kingeishia hapo kama Jumia isingeendelea kufanya kazi kwa jirani. Kenya, ambako ilianza mwaka 2013, haikufunga. Na pale tunaona kampuni ileile ikibadilika taratibu kuelekea kwenye kitu kinachofanana sana na stendi.

Novemba 2022 waanzilishi wawili waliokuwa wakiiongoza, Jeremy Hodara na Sacha Poignonnec, waliondoka. Uongozi ulishikwa na Francis Dufay, aliyekuwa mkuu wa Jumia Côte d'Ivoire. Alipunguza wafanyakazi wa ofisi ya Dubai, akapunguza ofa za usafiri wa bure, akaachana na mpango wa uanachama wa Jumia Prime, na mwishoni mwa 2023 akafunga Jumia Food katika nchi zote saba ilikokuwa imebaki, Kenya na Uganda zikiwemo. Chakula ni mzigo mgumu kuliko yote: unapoa, hausubiri, na kila sahani ina safari yake peke yake. Hasara ya uendeshaji iliyozidi dola milioni 200 mwaka 2022 ilishuka hadi karibu dola milioni 73 mwaka 2023. Sababu za kushuka huko ni nyingi, na usafirishaji ni mojawapo tu, lakini mwelekeo wake katika usafirishaji ulikuwa wazi.

Mwelekeo huo ni vituo vya kuchukulia mizigo. Kampuni ilianza kusukuma oda nyingi ziende kwenye vituo badala ya milango, na kupeleka vituo hivyo kwenye miji iliyo nje ya miji mikuu. Mteja anapokamilisha oda anaona bei mbili: kuletewa nyumbani, ghali, kuchukua kituoni, nafuu. Hakatazwi mlango. Anaulizwa tu kama yuko tayari kuulipia. Na watu wengi wanaopita sokoni au kituo cha matatu kila siku wanachagua kituo, kwa sababu tofauti ya bei ni ya kutosha kununulia unga.

Turudi kwenye hesabu yetu tuone kituo kinafanya nini. Mizigo ileile kumi ya Kimara inapanda pikipiki moja yenye sanduku kubwa, safari moja, 5,000. Mwenye duka la kituo analipwa, tuseme, 500 kwa kila mzigo, jumla 5,000. Mizigo kumi imefika kwa 10,000 badala ya 50,000. Wateja watatu wasipotokea leo, mizigo yao inakaa rafuni. Kesho mmoja anakuja akitoka kazini. Ya wawili waliobaki inarudi mjini baada ya siku tano, kwenye pikipiki iliyoleta mizigo mingine, bila safari yake ya pekee.

Hapa pia ndipo ninapotofautiana na wanaoona droni kama jibu. Zipline, kampuni ya droni za mizigo, imefanya kazi kubwa Rwanda tangu 2016 kupeleka damu hospitalini, na hiyo ni kazi inayostahili ndege: dakika ni uhai, na anayepokea yupo zamu, anajulikana. Mwaka 2022 Jumia nayo ilitangaza kushirikiana na Zipline Ghana. Lakini kiatu hakina haraka ya damu.

Kituo nacho si dawa ya kila kitu, na Kenya imetuonesha upande huo pia. Copia ilijenga biashara nzima juu ya mawakala: mwenye duka kijijini anapokea oda za majirani, gari linakuja, majirani wanachukua kwake. Ilipata wawekezaji wakubwa, ikafika hadi Uganda, ikatoka huko, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mita mia za mwisho ilikuwa imezitatua vizuri kabisa. Wakala alimjua kila mtu. Lakini gari lilitakiwa liende mbali, kwenye barabara za vumbi, likiwa na mizigo ya bei ndogo kama unga, sukari na mafuta ya kupikia. Faida kwa kila mfuko ilikuwa nyembamba kuliko gharama ya gari. Nikiiweka kando ya Kariakoo naona tofauti moja inayouma: Kariakoo haikununua gari, ilipanda basi la watu.

Namba za nyumba zilipokuja

Kuna jambo limebadilika tangu 2019, na wauzaji wengi hawajaligusa. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma operesheni ya anwani za makazi, iliyotakiwa kwenda sambamba na maandalizi ya Sensa ya Agosti mwaka huo. Nguzo za majina ya mitaa zilisimikwa, vibao vya namba vikabandikwa kwenye nyumba, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali uitwao NaPA, wenye programu ya simu ya kutafuta anwani. Msimbo wa posta wa tarakimu tano unaonesha kata. Sensa yenyewe ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na zaidi ya milioni tano Dar es Salaam.

Kwa hiyo dada wa Bonyokwa huenda ana namba mlangoni kwake. Lakini muuzaji hamuulizi, naye hajaikariri, na bodaboda hajazoea kuifuata. Vibao vingine vimefutika au kung'oka, na nyumba mpya zinajengwa kila wiki. Kazi kubwa ya serikali imefanyika. Iliyobaki ni ya mazoea, na mazoea hujengwa na mwenye faida nayo. Muuzaji akiwapunguzia shilingi mia tano wateja wanaoandika namba ya nyumba na jina la mtaa kwenye oda yao ya kwanza, akazihifadhi, oda ya pili haitahitaji gereji wala msikiti. Shirika la Posta nalo lina Posta Kiganjani, ambako namba ya simu ya mtu inakuwa sanduku lake la posta. Wazo hilo linafuata kile ambacho maka peni ya Kariakoo imekuwa ikikifanya siku zote, na linastahili kutumiwa zaidi kwa wanaoishi karibu na ofisi za Posta.

Bado nasisitiza kwamba anwani inajibu swali moja tu kati ya matatu. Namba ya nyumba haikuambii kama mwenyewe yupo, wala kama ana pesa.

Kama ningepewa kuipanga Dar es Salaam leo

Ningeanzia kwenye njia za watu. Dar inatoka asubuhi kwenda katikati na kurudi jioni kwa njia chache zinazojulikana. Mwendokasi wa Kimara umekuwepo tangu 2016 na unamwaga maelfu ya watu Kimara kila jioni. Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto, Tegeta, Bunju, vyote ni vituo ambapo watu hushuka na kubadilisha usafiri. Pale ndipo mzigo unapaswa kumsubiri mtu. Ningeingia makubaliano na mawakala wa pesa za simu waliopanga hatua chache kutoka kituoni. Wakala ana meza, ana kufuli, anafunga usiku, anashika pesa za watu kila siku na mtaa unamwamini nazo. Mteja anashuka kwenye basi, anataja namba ya siri iliyokuja kwenye simu yake, anafungua mfuko palepale, anajaribu kiatu. Kikimtosha analipa salio hapohapo, kwa wakala yuleyule. Kisipomtosha kinabaki rafuni kurudi mjini na pikipiki ya kesho, na hakuna aliyebishana na bodaboda mvuani.

Wakala alipwe kwa kila mzigo uliochukuliwa, alipwe pia kidogo kwa ule uliokaa na kurudi, maana rafu yake imetumika. Mizigo isiwe mikubwa. Friji na kabati ziende nyumbani kwa makubaliano ya siku na saa, na bei yake iandikwe wazi.

Pili, nauli ilipwe mwanzo kila mara, hata kama bidhaa yenyewe italipwa mwisho. Mtu aliyetuma shilingi 2,000 ya kuletea mzigo kituoni anapokea simu. Aliyebonyeza tu kitufe usiku akiwa kitandani mara nyingi haipokei, na si kwa ubaya. Asubuhi ameona ada ya shule. Muuzaji mpya ataogopa kwamba sharti hilo litafukuza wateja. Litafukuza baadhi, nao wengi wao ni wale wa mizigo mitatu inayorudi.

Tatu, mzigo usitoke dukani bila simu ya asubuhi. Ujumbe mfupi hautoshi, unasomwa na kusahaulika. Mtu mmoja apige simu kati ya saa mbili na saa nne: mzigo wako unatoka leo, utakuwa kituoni kuanzia saa kumi, utapita? Akisema kesho, unabaki. Kazi hiyo ya simu inaonekana ndogo na ya kizamani, ila dakika mbili za muda wa maongezi ni nafuu kuliko saa moja ya pikipiki.

Mlangoni ningebakiza kwa wanaouhitaji kweli: mama aliyejifungua, mzee, mtu mwenye ulemavu, ofisi, duka linaloagiza jumla. Kwao ningetumia namba ya NaPA, ningepanga siku maalumu kwa kila kata ili pikipiki ipeleke mingi kwa safari moja, na nisingewatoza kana kwamba wanajidekeza.

Linabaki suala la bodaboda, ambalo kwenye mipango mingi linaachwa mstari wa mwisho. Leo, katika biashara nyingi, mzigo ukikataliwa anayebeba hasara ni kijana mwenye pikipiki, ambayo huenda bado anaipigia hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo. Amekwenda Bonyokwa, amerudi, na anaambiwa alipwe nusu au asilipwe kabisa kwa kuwa mteja hakupokea. Kijana huyo anajifunza haraka: mizigo ya mbali anaikataa, simu isipopokelewa mara moja anageuza, au anamwambia mteja bei yake mwenyewe njiani. Kisha muuzaji analalamika kwamba bodaboda si waaminifu. Safari iliyokwenda ilipwe yote, mteja awepo asiwepo, na ilipwe na yule aliyeamua kuituma bila kupiga simu asubuhi. Muuzaji akianza kulipa kila safari iliyokufa kutoka mfukoni mwake, atajua ndani ya mwezi mmoja ni kata zipi, ni saa zipi na ni wateja wa aina gani wanaomrudishia mizigo, na hapo ndipo atakapokuwa na sababu ya kutafuta wakala wa kwanza pale Kimara.